Fremu Isiyoshika Kutu

Mume wangu Twahir ni mtu wa kula. Ukimwekea wali wa nazi na mchuzi wa papa hasemi na mtu mpaka sinia liwe jeupe. Basi siku ile alipokuwa anazungusha tonge mkononi bila kulitia kinywani, nikajua lipo jambo. Nikanyamaza. Mimi nina ulimi, kijiji kizima cha Bongwe kinajua, lakini kwa Twahir nimejifunza: ukimwuliza anafunga, ukimwacha anafunguka mwenyewe.

"Mama Saumu," akasema mwishowe, "kuna fremu ya baiskeli inauzwa Kibuyuni. Titaniamu."

"Titaniamu ndiyo nini?"

"Madini. Haishiki kutu. Itie baharini mwaka mzima, ukiitoa iko vile vile."

"Na wanaiuzaje?"

Akanitajia bei. Hapo tonge likanianguka mimi. Ilikuwa bei ya fremu ya chuma ya mtumba, zile zinazoshushwa Mombasa zikiwa zimeshachoka na mbio za kwao.

"Basi imeibwa," nikasema.

"Haikuibwa."

"Basi imepasuka."

"Sijaiona bado."

"Ala! Yaani umeacha kula kwa kitu ambacho hujakiona?"

Akacheka kidogo, akala matonge mawili ya kuniridhisha, akanawa. Mimi nikabaki nimelikodolea macho sinia. Chakula changu mwenyewe kilinishinda.

Twahir alizaliwa Msambweni. Mama yake alikuwa akipika mikate ya mofa, na yeye ndiye aliyekuwa akiizungusha kwa baiskeli kubwa ya baba yake, miguu haifiki, anapitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu na kupiga pedeli huku amejipinda. Mpaka leo akipanda hukaa ubavu kidogo, ukimwona kwa mbali unamjua. Alipokua akaenda Ukunda, akaingia kazini kwenye duka linalokodisha baiskeli kwa wageni wa Diani. Kwanza fundi, kisha akawa ndiye anayewaongoza wageni barabarani: leo Gazi, kesho Shimoni, kesho kutwa kupanda Kwale. Ndevu zimeingia mvi, miguu bado ya kijana. Wageni wanampenda kwa sababu hana haraka ya maneno na anajua kila mahali penye madafu. Ila kazi ile ina sharti lake: mwongozaji aje na baiskeli yake mwenyewe, na iwe ya mbio. Huna baiskeli, huna safari.

Na hapa kwetu chuma hakikai. Chumvi inaingia ndani ya bomba, inakila kimya kimya, nje rangi inang'aa. Fremu ya Twahir ilimkatikia shingoni, pale usukani unapoingia, akiteremka kutoka Kwale kuja Kombani. Mbele ya wageni. Ukiuona mteremko ule utanielewa. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa bega, akapasuka kidevu, na mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko kama mtoto mpaka akapona. Alipopona alifanya nini? Akaipeleka fremu ile ile kwa fundi wa kuchomelea, ikatiwa kovu nene shingoni, akapanda tena. Nikapiga kelele, wallahi, majirani wakatoka nje. Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi, "Mke wangu, tutakula nini?"

Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa moja tu, nayo sikuificha: kwamba siku moja wataniletea Twahir ndani ya pikapu, amefunikwa. Akichelewa kidogo, natoka kusimama njiani. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, naipokea nimekwisha kaa chini.

Sasa hiyo fremu isiyoshika kutu ilinitia tamaa na wasiwasi kwa pamoja. Kesho yake nikaenda mwenyewe dukani kwao. Yuko kijana mmoja pale, Harrison, mtu wa bara, mwendo wake na maneno yake vyote mbio mbio.

"Mathe, hiyo ni deal moto!" akaniambia. "Titaniamu? Kwa hiyo bei? Ukizubaa mimi naiangukia."

"Mathe wako ni nani hapa? Salimia watu kwanza."

"Shikamoo, mama." Akaona haya. "Ni kitu safi, haki. Shida yake ni moja tu. Ikipasuka, mimi simjui fundi huku pwani wa kuichomelea. Inataka gesi yake na mashine yake. Ikipasuka umeenda na hiyo."

Umeenda na hiyo! Nikarudi Bongwe na maneno yale yananigonga kichwani njia nzima.

Muuzaji alikuja nayo mwenyewe, juu ya pikipiki, ameifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Jina lake Chirau, mtu mzima, mpole, macho yake hayatui mahali. Tukamkaribisha, tukaulizana habari za nyumbani na za afya, akanywa chai, ndipo akaifungua. Ilikuwa ya kijivu, haikupakwa rangi hata kidogo, imetulia kama sufuria ambayo haijawekwa motoni. Twahir aliinyanyua kwa kidole kimoja. Nilimwona uso wake nikasema moyoni, basi, huyu ameshakwenda.

"Ilikuwa ya ndugu yangu Mbwana," Chirau akasema. "Alikuwa akiendesha boti ya wageni kule Shimoni. Mgeni wake mmoja alipoondoka kurudi kwao alimwachia. Ndugu yangu ni marehemu sasa."

"Innalillahi wainnailaihi rajiun," tukasema sote. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipatwa na nini?" Twahir akauliza.

"Siku yake ilifika."

Ukishajibiwa hivyo, adabu inakufunga mdomo. Utamwuliza nini tena mtu mwenye msiba? Tukasema amina, tukatazama chini. Lakini mimi niliona jambo: tangu ameifungua ile leso, Chirau hakuitazama fremu hata mara moja. Aliitazama chai, alimtazama kuku wangu anayeatamia, akautazama mlango.

"Kaeni nayo mpaka Ijumaa," akasema akiinuka. "Muikague mpendavyo. Kuna mtu wa Mombasa naye anaiulizia."

Siku hizo za kuikagua zilinimaliza. Twahir aliilaza juu ya mkeka uani, akaipaka mafuta ya taa kila kiungo, hasa pale mabomba yanapokutana. Akaiacha iyanywe. Kisha akaifuta mpaka ikakauka kabisa, akainyunyizia chokaa kavu. Ni njia aliyojifunza Msambweni kwa mafundi wa mashine za boti: penye ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi nje na kuchora mstari juu ya chokaa. Tukakaa kwenye vibao tukiitazama ile fremu nyeupe kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Mimi nilitaka mstari uonekane, nasema kweli. Ningeuona ningejua kwa nini ni rahisi, ningeirudisha kwa Chirau, nami ningelala usingizi wangu.

Haukuonekana. Akarudia mara ya pili. Hakuna kitu.

"Hebu," nikasema, nikaisimamisha, nikaigonga kwa kifundo cha kidole, bomba kwa bomba, vile tunavyogonga mtungi sokoni kabla ya kuununua. Mtungi wenye ufa unajibu kwa sauti ya kukohoa. Hii ikalia vizuri kila mahali, mlio mrefu, safi.

"Umesikia?" Twahir akasema, meno yote nje. "Hata ungeipigia ngoma! Hii haiwezi kunikatikia, Mama Saumu. Utapumua sasa."

"Nitapumua nikijua kwa nini wanaitupa."

Hapo ndipo akakuna kidevu, pale penye kovu. Maana hata yeye, na ule uchu wake, jambo lilikuwa linamla. Mbwana, kwa maneno ya Chirau, ameacha mjane na mtoto. Chirau ni shemeji tu. Je, mwenye haki anajua kwamba inauzwa, tena kwa bei ya kutupa? Ukila mali ya yatima utaisali sala ipi ikusafishe? Lakini mjane yumo ndani ya eda, hatoki, na mwanamume wa kando hawezi kwenda kuketi naye na kumhoji habari za baiskeli. Kwa Chirau tulikwisha kufika mwisho.

"Uende wewe," Twahir akaniambia. "Wewe ni mwanamke, utaingia. Mpe mkono wa pole, kisha umwulize. Akisema ndiyo, tunainunua. Akisita hata kidogo, tunairudisha hapo hapo."

"Kwa hiyo niamue mimi?"

"Uamue wewe."

Haya! Mtu ananunua baiskeli na mzigo anautua kichwani kwangu. Lakini nilifunga sukari na unga ndani ya leso, nikavaa buibui, Alhamisi tukaenda Kibuyuni, fremu naye tumemchukua kama mgonjwa.

Kibuyuni inanukia mwani. Ulikuwa umeanikwa kila mahali, juu ya vichanja na juu ya nyavu, na wanawake walikuwa wakishuka pwani na kamba mabegani. Chirau alitupokea njiani. Wanaume wakabaki barazani, mimi nikapiga hodi, nikaingia.

Mjane anaitwa Nusra. Nilidhani nitamkuta mtu mzima mwenzangu, kumbe ni msichana, wallahi, Saumu wangu akimaliza shule hatakuwa mbali naye. Ameketi mkekani kwa nguo yake nyeupe isiyo na pambo, mwanawe amelala ubavuni, naye anawafungia wenzake mbegu za mwani kwenye kamba, kitawi kwa kitawi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba."

"Tushapoa. Karibu mkekani."

Nikamsogezea leso. Nikamwuliza mtoto anaendeleaje, akaniuliza Bongwe mvua zimekuja. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia kwenye maneno yangu, akanifungulia mwenyewe.

"Wewe ni mke wa fundi. Umekuja kwa ile baiskeli."

"Ndiyo, mwanangu. Sisi hatutaki kula haki ya mtu. Shemeji yako anaiuza kwa ridhaa yako?"

"Mimi ndiye niliyemtuma. Mirathi imeshagawanywa, ile imeangukia kwetu, mimi na mtoto. Nilimwambia, wa kwanza atakayetaja bei, yoyote, mpe aende nayo."

"Mbona unajidhulumu? Mombasa wangekupa mara kadha ya hiyo. Una mtoto wa kulea!" Ulimi wangu huo. Nikajuta, lakini umeshatoka.

"Sitaki ikae."

"Ina kasoro?"

Akaacha kamba. Akanitazama, na ule uso mdogo ukafanya kama unataka kucheka.

"Ingekuwa na kasoro ningeiweka," akasema.

Sikuelewa. Akaona sikuelewa, akanieleza polepole, macho yake kwenye mikono yake. Mbwana alikuwa na baiskeli ya chuma zamani, imechomelewa mara mbili, naye Nusra alikuwa hana raha. Mume akitoka tu, yeye anakaa mlangoni mpaka arudi. Ungedhani ananisimulia mimi. Mgeni alipomwachia Mbwana hii ya kijivu, nyumba ikatulia. Na Mbwana akawa haishi kuisifu.

"Kila alfajiri akitoka nilikuwa nainua mikono," Nusra akasema. "Naomba neno moja tu. Ya Rabi, isimkatikie njiani."

"Ndiyo, mwanangu."

"Alikuwa anarudi kutoka Lunga Lunga. Lori likataka kulipita lori jingine. Likambana kando." Akavuta pumzi. "Walipomleta, na baiskeli wakaileta. Magurudumu yamekunjika, uma wa mbele haupo. Wakaiegemeza pale ukutani, wao wakaenda kuchemsha maji ya kumwoshea. Mimi nikainuka nikaikagua. Nilitaka nione ni wapi ilipokatika. Niliipapasa bomba kwa bomba, mama. Sikuona hata ufa."

Nje nilimsikia Twahir akicheka na Chirau kwa jambo fulani, cheko lake lile la taratibu.

"Dua yangu ilikubaliwa," Nusra akasema. "Haikukatika."

Nikavuta ncha ya pili ya kamba, nikaanza kufunga mbegu pamoja naye. Sijui kufunga mwani. Alinifungulia vifundo vyangu akavifunga upya. Tukawa hivyo mpaka mtoto akageuka usingizini.

"Mumeo anapanda ipi sasa?" akaniuliza.

"Ya chuma. Imechomelewa shingoni."

"Basi mwache aichukue." Kisha akaongeza, "Ila asiipitishe hapa. Hata akiwa na wageni wa Shimoni, azunguke. Mtoto akiiona atadhani ni baba yake."

Nikambusu kichwani nikatoka. Jua lilinipiga usoni nikasimama kizingitini kama mlevi. Twahir akainuka mbiombio.

"Ameridhia?"

"Ameridhia." Nikamgeukia Chirau. "Na wewe, mtu mzima na ndevu zako, ulishindwa kutuambia kwamba aliuawa na lori, yuko juu ya fremu hiyo hiyo?"

Chirau akainamisha kichwa. "Ningewaambieni, mngeichukua?"

Twahir alinitazama mimi, akamtazama Chirau, kisha akaitazama fremu iliyoegemea baraza. Rangi ya uso ilimtoka. Akachutama, akaishika shingo ya ile fremu.

"Si fremu iliyomwua," akasema, kwa sauti ya kuuliza.

"Sikusema fremu."

"Unataka niiache?"

Watu wananiona mkali, wanadhani kuamua kwangu ni rahisi. Nikimwambia aache, kesho alfajiri atapanda ile yenye kovu. Nikimwambia anunue, malori ya Lunga Lunga yako pale pale. Nilitaka kumwambia acha kazi, uza mofa kama mama yako, kaa nyumbani nikuone. Lakini namjua. Angekaa, na angekauka mbele ya macho yangu kama ule mwani vichanjani.

"Nunua," nikasema.

"Una uhakika?"

"Sina. Nunua, nisije nikabadilika. Na ile nyingine tukifika nyumbani naivunja mimi mwenyewe kwa nyundo, usije ukamwuzia mtoto wa watu."

Niliivunja kweli, uani, alipokwisha kuvua vifaa vyake, na haikuchukua muda. Ndani ilikuwa nyekundu, unga mtupu.

Vifaa akavifunga kwenye fremu mpya, akakaza, akafungua, akakaza tena, na Jumatatu alfajiri akaitoa mlangoni. Ilikuwa nyepesi, haikufanya hata sauti. Akavaa kofia yake ngumu, akanigusa bega.

"Leo utapumua," akasema.

"Nenda salama. Kaa kando ya lami. Ukifika Gazi unipigie."

Akaenda zake, amekaa ubavu kidogo kama kawaida yake, mpaka kona ikamchukua. Kutoka barabara kuu nilisikia lori likibadilisha gia. Nikarudi ndani upesi, nikaketi juu ya msala, nikainua mikono.

Nikaanza kumwombea breki. Nikaona breki hazitoshi. Nikaanza kuwaombea madereva wawe macho, nikaikumbuka mvua, nikawakumbuka ng'ombe wanaovuka, na mashimo ya Msambweni, na watu wanaoendesha huku simu iko sikioni. Kila nilichokitaja nikaogopa kile nilichokisahau. Mwisho nikawa nalitaja jina lake tu, Twahir, Twahir. Kulikuwa kunapambazuka, mikono imeanza kuniuma, nami bado sijajua niombe nini.